Kutoka New York hadi Singapore kwa Ndege: Ni Kilomita Ngapi, na Ni Muda Gani?

Anayeuliza umbali kati ya New York na Singapore kwa kawaida hupewa namba mbili na kuachwa hapo: kilomita 15,345 hivi, na muda wa takriban saa 18 na dakika 40. Namba zote mbili ni sahihi, lakini jaribu kugawanya ya kwanza kwa ya pili. Utapata mwendo wa kilomita 822 hivi kwa saa, ilhali ndege za masafa marefu, zikishafika juu, hukata hewa kwa karibu kilomita 900 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 15,345 zingekwisha kwa saa 17 na dakika chache. Je, saa moja na nusu na zaidi imepotelea wapi? Na mbona shirika la Singapore Airlines, lilipozindua safari ya moja kwa moja kati ya miji hii mwezi Oktoba 2018, lilitaja njia ya kilomita 16,700?

Hakuna aliyekosea hesabu. Neno “umbali” hubeba maana zaidi ya moja, na neno “muda” vivyo hivyo, na mkanganyiko huanza pale maana hizo zinapochanganywa. Afadhali zichambuliwe moja baada ya nyingine.

Tuanze na zile kilomita 15,345. Huo ni umbali wa jiometri tupu: njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, bila kujali mipaka, milima wala upepo. Kwa kuwa dunia ni mviringo, njia hiyo haifuati mstari ulionyooka wa karatasini, bali kipande cha duara kuu, yaani duara linaloizunguka dunia na kuigawa katika nusu mbili zilizo sawa. Mwenye tufe la kufundishia na uzi anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake. Ashike ncha moja ya uzi pale New York, na nyingine pale Singapore, kisha auvute mpaka ukaze. Uzi hautatulia juu ya Bahari ya Atlantiki wala juu ya Afrika. Utateleza kuelekea juu, juu zaidi, mpaka upite karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini.

Sababu yake inahesabika bila chombo chochote. New York iko nyuzi (yaani digrii) 40.6 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo kutoka hapo hadi nchani zimebaki nyuzi 49.4. Singapore iko nyuzi 1.4 tu kaskazini, hivyo imebakiwa na nyuzi 88.6. Kwa upande wa longitudo, New York iko karibu nyuzi 74 magharibi na Singapore nyuzi 104 mashariki. Ukijumlisha unapata 178, yaani pungufu kidogo ya 180. Miji hii imekaa karibu kutazamana kupitia nchani, kila mmoja upande wake wa dunia. Basi njia fupi ni kupanda nyuzi 49.4 na kushuka nyuzi 88.6, jumla nyuzi 138. Digrii moja ya duara kuu ni kilomita 111.2. Zidisha, na zile kilomita 15,345 zitajitokeza zenyewe.

Wengi hushangaa kwa sababu ya ramani iliyotundikwa ukutani tangu utotoni. Ramani hiyo inatokana na mchoro wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569, uliobuniwa ili nahodha aweze kushika uelekeo mmoja wa dira na kuuchora kama mstari ulionyooka. Kwa kazi hiyo ulifaa sana. Lakini gharama yake ni kwamba maeneo ya karibu na ncha hutanuliwa kupita kiasi, na Ncha yenyewe haimo kabisa kwenye karatasi. Ukipiga rula kutoka New York hadi Singapore kwenye ramani ya namna hiyo, mstari utakatiza Atlantiki, jangwa la Sahara na Bahari ya Hindi. Unapendeza machoni, ila si njia fupi hata kidogo.

Mfano ulio wazi kuliko huo ni wa St. Petersburg, Urusi, na Anchorage, katika jimbo la Alaska. Miji yote miwili iko karibu na latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, na longitudo zao zimetofautiana kwa nyuzi 180 karibu kamili. Kwenye ramani ya ukutani, kila mmoja umekaa upande wake wa karatasi, na mtu angefikiri kwamba msafiri hana budi kuifuata ile latitudo ya 60 kama reli. Akifanya hivyo atakwenda karibu kilomita 10,000. Akikatiza juu ya Ncha, atakwenda kama kilomita 6,550. Theluthi nzima ya safari hutoweka kwa kuacha kuiamini karatasi.

Kabla ya kuendelea, ieleweke pia kwa nini vikokotoo viwili vya umbali vinaweza kutoa majibu yasiyolingana kwa miji ileile. Dunia si tufe kamili. Imebonyea kidogo nchani, hivi kwamba nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378 na nchani ni kilomita 6,357. Kikokotoo kinachochukulia dunia kuwa tufe kamili huweza kukosea kwa takriban nusu asilimia, ambayo kwa safari ndefu hufikia makumi ya kilomita. Tena kimoja hupima kutoka katikati ya mji, kingine kutoka uwanja wa ndege. Tofauti za aina hiyo hazimpi rubani wala msafiri shida yoyote. Tofauti kubwa iko kwingine.

Iko kwenye njia ambayo ndege inapita kweli. Anga si bahari kuu ambamo kila chombo kinajiendea kitakavyo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaohusu usafiri wa anga wa kimataifa, unatamka katika kifungu chake cha kwanza kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Kwa hiyo nchi inaweza kutoza ada kwa kupita, na inaweza pia kufunga mlango. Mlango ukifungwa, jiometri haina la kusema. Hakuna mahali hili linapoonekana waziwazi kama kwenye safari ya Helsinki hadi Tokyo. Uzuri wa Helsinki kama kituo cha kwenda Asia ulikuwa ni kwamba njia fupi ilipita juu ya Siberia, na safari ilichukua saa tisa na ushei. Anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, kufuatia vita vya Ukraine, safari ileile, kati ya viwanja vilevile, ilirefuka hadi karibu saa 13, kwa kupita ama juu ya Ncha ya Kaskazini ama kusini kupitia Asia ya Kati. Kilomita za kwenye tufe hazikuongezeka hata moja. Na haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1983, shirika la Finnair lilipoanza kuruka moja kwa moja hadi Tokyo, lilizunguka juu ya Ncha kwa sababu anga ya Kisovieti ilikuwa haipitiki, na ndege nyingi za Ulaya zilizokwenda Japani enzi hizo zililazimika kutua Anchorage kuongeza mafuta.

Milima nayo hukunja njia, ingawa si kwa sababu ambayo mtu angedhani kwanza. Ndege inapaa kilomita kumi na zaidi, juu kuliko kilele chochote. Tatizo ni pale hewa ya ndani inapovuja. Rubani hutakiwa kushuka haraka hadi kimo cha mita 3,000 hivi, ambako watu wanaweza kupumua wenyewe, kwa sababu oksijeni ya barakoa zinazodondoka juu ya viti hutosha kwa dakika chache tu, kwa kawaida chini ya nusu saa. Uwanda wa Tibet una mwinuko wa wastani unaozidi mita 4,500. Pale chini hakuna mahali pa kushukia, na ndiyo maana njia nyingi huuzunguka.

Kuna pia sharti la injini. Kwa miongo kadhaa, kuanzia mwaka 1953, ndege ya injini mbili chini ya kanuni za Marekani haikuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya dakika 60 kutoka uwanja ambao ingeweza kutua ikiwa injini moja imezimika. Bahari kuu zilikuwa za ndege zenye injini tatu au nne. Injini zilivyozidi kuaminika, muda huo uliongezwa hadi dakika 120 mwaka 1985, kisha zaidi, na mwaka 2014 aina ya Airbus A350 iliidhinishwa kwa muda wa hadi dakika 370. Kwa hatua hizo, njia za nchani na za katikati ya Pasifiki zikafunguka kwa ndege za injini mbili.

Hata hivyo, katika yote yanayopindisha njia, ninaloliona kuwa kubwa kuliko mengine, na linaloeleweka vibaya kuliko mengine, ni upepo.

Ndege haisafiri juu ya ardhi. Husafiri ndani ya hewa, na hewa yenyewe inakwenda. Picha iliyo karibu zaidi ni ya mtu anayeogelea mtoni: mikono yake inafanya kazi ileile, lakini kama anafuata mkondo miti ya ukingoni inampita mbio, na kama anaupinga miti hiyo inakaa kama imeganda. Abiria anayefuatilia ramani kwenye skrini ya kiti chake huliona jambo hili bila kulitambua. Skrini ikisema kilomita 1,050 kwa saa, si kwamba rubani ameongeza moto. Kuna upepo wa kilomita 150 unaoisukuma ndege kwa nyuma. Siku ya kurudi, skrini ileile itasoma 750, na injini zinanguruma vilevile.

Upepo wenyewe si wa kubahatisha. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 16, kati ya nchi za joto na ncha za dunia, kuna mikondo myembamba ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Huzaliwa na tofauti ya joto kati ya ikweta na ncha, na mzunguko wa dunia ndio unaoigeuza ielekee mashariki; ndiyo maana huwa na nguvu zaidi wakati wa baridi, tofauti hiyo inapokuwa kubwa. Kasi ya kilomita 160 kwa saa ni ya kawaida, na kuna siku hupita 400. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Oishi, aliipima mikondo hii miaka ya 1920 kwa kurusha maputo na kuyafuatilia, kisha akachapisha matokeo yake mwaka 1926 kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili iwe ya mataifa yote, akitaraji kwamba ulimwengu mzima ungesoma. Wengi hawakusoma. Marubani wa Marekani waliokwenda Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikuja kuugundua upepo huo kwa taabu, juu ya ndege zao wenyewe.

Hapa inafaa kuondoa dhana moja iliyoenea mno, kwamba safari ya kwenda magharibi ingepaswa kuwa fupi kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki na kwa hiyo mji unaolengwa “unakuja” kuipokea ndege. Kwenye ikweta, uso wa dunia unakwenda kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa. Dhana hiyo ingekuwa kweli, ndege ingeweza kuelea tu na kuusubiri mji upite chini. Lakini hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iliyo ndani ya hewa hiyo, tangu ilipokuwa imeegeshwa, inazunguka nayo pia. Ukweli ni kinyume cha dhana: kati ya London na New York, zilizoachana kwa kilomita 5,550 hivi, safari ya kwenda magharibi huchukua kama saa nane, na ya kurudi mashariki kama saa saba. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, kimbunga kikiwa kimeuchochea mkondo ule, ndege ya abiria ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, ikipita juu ya ardhi kwa zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Haikuwa imeuvuka mwendo wa sauti, kwa maana mwendo wa sauti hupimwa ndani ya hewa, na ndani ya hewa ndege ile ilikuwa inakwenda kama siku zote.

Mtu anaweza kufikiri kwamba, mwisho wa yote, upepo haudhuru: unachokula wakati wa kwenda unakirudisha wakati wa kurudi. Sivyo. Chukua miji miwili iliyoachana kwa kilomita 5,400, ndege ya mwendo wa kilomita 900 kwa saa, na upepo wa kilomita 180. Pasipo upepo, kila upande ni saa sita, jumla 12. Upepo ukiwa wa nyuma, ndege inakwenda 1,080 na kufika kwa saa tano kamili. Ukiwa wa mbisho, yaani wa kutoka mbele, inakwenda 720 na kufika kwa saa saba na nusu. Jumla ni saa 12 na nusu. Nusu saa imepotea, kwa sababu ndege ilikaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoizuia kuliko ndani ya upepo unaoisaidia. Ndiyo maana wapangaji wa safari hawaridhiki na kuuvumilia mbisho, huutoroka. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, njia za ndege huchorwa upya mara mbili kila siku na vituo vya uongozaji vya Gander, Kanada, na Shanwick, kwa upande wa Uingereza na Ayalandi, ili wanaokwenda mashariki waupande mkondo na wanaokwenda magharibi waukwepe.

Sasa turudi kwenye zile kilomita 16,700. Ndege inayotoka Singapore kwenda New York mara nyingi haiendi nchani. Hukunja kuelekea kaskazini-mashariki, ikapita karibu na Japani na kuvuka Pasifiki ya Kaskazini, upepo ukiwa mgongoni. Njia hii ina zaidi ya kilomita elfu moja za ziada kuliko ile ya uzi, na bado ndiyo inayofika mapema na kuchoma mafuta kidogo, kwa kuwa kinachogharimu ni hewa iliyokatwa, si ardhi iliyopitwa. Kinachonistaajabisha zaidi ni safari ya kurudi. Ndege hiyo haigeuki kila mara na kurudia njia iliyojia. Kuna siku huendelea mashariki tena, juu ya Atlantiki na Ulaya, ili iendelee kusukumwa. Abiria aliyekwenda na kurudi namna hiyo ameizunguka dunia nzima pasipo kugeuka nyuma.

Mafuta ndiyo yaliyoifanya safari hii kuwa ngumu kibiashara, maana sehemu ya mafuta huchomwa kwa ajili tu ya kubeba mafuta mengine. Mwaka 2004 Singapore Airlines iliifanya kwa Airbus A340-500 yenye injini nne, ikaiacha mwaka 2013. Iliporudi mwaka 2018 ilitumia A350-900ULR ya injini mbili, inayobeba hadi lita 165,000 na yenye viti 161 pekee, ilhali A350 ya kawaida hubeba abiria wengi zaidi ya hao. Kutua njiani, kwa mfano Frankfurt, hupunguza mzigo huo bila kurefusha njia kupita kiasi: New York hadi Frankfurt ni kama kilomita 6,200, na Frankfurt hadi Singapore kama 10,300, jumla 16,500. Kinachorefuka ni muda, kwa sababu ya kushuka, kusubiri chini na kupaa tena.

Na muda wenyewe, kama nilivyotangulia kusema, nao una maana zake. Ule unaoandikwa kwenye tiketi hauhesabiwi tangu magurudumu yanapoacha ardhi, bali tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena. Kwenye viwanja vikubwa, kutambaa hadi njia ya kurukia na kungoja zamu huweza kumaliza dakika 20 au 30. Kupaa na kushuka hufanyika kwa mwendo mdogo kuliko ule wa juu. Mashirika pia huongeza dakika za akiba, ili ucheleweshaji mdogo usihesabike kuwa kuchelewa. Ukijumlisha haya na mzunguko wa njia, ile saa moja na nusu tuliyoitafuta mwanzoni inapatikana, na upepo wa nyuma umekwisha kurudisha sehemu yake.

Kinachobaki ni saa ya ukutani. Tiketi huonyesha saa ya mji wa kuondokea na saa ya mji wa kufikia, na kutoa moja katika nyingine bila kusawazisha ni kujipoteza. Majira ya baridi ya Marekani, Singapore iko mbele ya New York kwa saa 13. Majira ya joto, kwa saa 12. Tuseme ni Januari, na ndege imeondoka New York saa 4 usiku Jumatatu. Baada ya saa 18 na dakika 40, New York itakuwa saa 10:40 alasiri Jumanne. Ongeza 13, na Singapore ni saa 11:40 alfajiri ya Jumatano. Kwa macho ya kalenda, safari imekula karibu saa 32. Inayorudi ikiondoka Singapore saa 4 asubuhi Jumatatu na kuruka saa 18 na nusu, itafika New York saa 9:30 alasiri ya Jumatatu ileile, kana kwamba imeruka saa tano na nusu tu. Majibu haya hayabadiliki hata ndege ikipita Pasifiki, Atlantiki au nchani: anayekwenda mashariki kupitia Pasifiki hurudishiwa siku moja anapouvuka Mstari wa Tarehe, na rubani anayekatiza jirani na Ncha hupitia kanda nyingi za saa kwa muda mfupi mno, huku saa ya mji anakokwenda ikiendelea kuhesabu kama kawaida.